Gari la umeme lililotumika, kwa mtu aliyezoea kushika spana

Niseme mapema ili asiye na muda aondoke na jibu: gari la umeme lililotumika linamfaa sana mtu anayejitengenezea mwenyewe, ila kazi zake si zile alizozizoea kwenye injini, na zipo chache ambazo hatakiwi kuzigusa kabisa. Ninalo hatchback moja (gari dogo lenye mlango wa nyuma unaoinuka) la umeme la kizazi cha kwanza, betri ya kilowati-saa 24, na bado ninalo gari langu la petroli lililofungwa mfumo wa gesi. Nayaendesha yote mawili na kuyafungua yote mawili. Jina la kampuni naliacha, maana karibu yote nitakayosema yanahusu magari ya aina hii kwa ujumla.

Wapenzi wa magari tuna maneno mengi kuhusu umeme. Huyu atakwambia gari halina sauti, yule atasema ni simu iliyofungwa matairi. La sauti sibishani nalo, kila mtu na masikio yake. Anayedai kwamba umeme ni mambo ya juzi tu ndiye ninayembishia. Gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme, La Jamais Contente lililoendeshwa na Camille Jenatzy mwaka 1899. Na kimojawapo cha vitu vilivyoyasukuma magari ya umeme nje ya barabara ni mota ya umeme: stata ya Charles Kettering, ambayo Cadillac walianza kuifunga kwenye magari yao ya mwaka 1912, watu wakaachana na kuzungusha injini kwa mkono.

Kabla ya kununua nilipiga hesabu moja ambayo bado naipenda. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 9. Kwa hiyo betri yangu yote, ingali mpya kabisa, ilibeba nishati isiyofika lita tatu za petroli. Lita tatu kwenye gari langu la petroli ni safari ya kwenda mjini na kurudi, basi. Hili la umeme kwa nishati hiyohiyo lilitengenezwa kwenda zaidi ya kilomita 100. Injini ya petroli inageuza kama robo tu ya nishati kuwa mwendo, ikijitahidi sana theluthi na ushee; nyingine yote inatokea kwenye rejeta na kwenye ekzosi ikiwa joto. Mota inapoteza kidogo mno.

Lakini hapohapo ndipo penye mtego ambao muuzaji hakwambii. Kwa kuwa mota haina upotevu mkubwa, kila upotevu mwingine unauona waziwazi. Tairi likipungua upepo, unaona kwenye mita. Ukikimbia barabara kuu na upepo wa mbele, unaona. Kwenye petroli mambo hayo yapo vilevile, ila yamefunikwa na hasara kubwa ya injini. Hita ndiyo usiseme: injini inakupa joto la bure ambalo lingetupwa, wakati gari la umeme la kizazi hiki linachota kilowati kadhaa kutoka betri ileile inayosukuma magurudumu. Asubuhi ya baridi umbali unapungua kabla hata hujatoka getini.

Sasa tufungue boneti. Hitilafu ya kwanza iliyonikuta ilitoka kwenye betri ndogo ya volti 12, ileile ya kila gari. Betri kubwa ilikuwa imejaa, na gari halikuwaka. Dashibodi ilimulika taa nusu nusu, zikacheza, zikazima. Wengi wangeita gari la kuvuta. Nilichukua multimeta, nikagusa vichwa vya betri ndogo: volti 10.8. Ndani ya betri kubwa kuna swichi nzito zinazoitwa kontakta, na nguvu ya kuzifunga inatoka kwenye hizo volti 12. Zisipofunga, mamia ya volti yaliyomo ndani ni kama hayapo. Nikaunga betri nyingine kwa waya za jampa, nikabonyeza kitufe, nikasikia tak, tak kutoka chini ya kiti, na taa ya kuondoka ikawaka. Nikafunga betri mpya ndogo, na tatizo halijarudi. Ukinunua gari la umeme lenye umri, badilisha betri hiyo mapema bila kusubiri ikuangushe, kwa sababu haina mlio wa stata iliyochoka wa kukuonya.

Breki nazo zina mambo yake. Mota inapopunguza mwendo inarudisha umeme kwenye betri, hivyo pedi zinadumu muda ambao mtu wa petroli hataamini. Nilipotoa gurudumu la nyuma, pedi zilikuwa nene. Diski ilikuwa na kutu pembezoni, na kalipa ilikuwa imeganda kwenye pini zake, pini moja ilinilazimu kuizungusha kwa spana huku nikipuliza mafuta ya kulegeza kutu. Breki isiyotumika inakufa kwa kukaa. Sasa mara kwa mara nikiwa peke yangu barabarani natia gia ya neutro na kukanyaga breki kisawasawa ili diski zijisugue, na pini nazisafisha na kuzitia grisi ya breki. Mafuta ya breki yanavuta unyevu hata kama gari halisimami kwa breki, kwa hiyo yanabadilishwa kila baada ya miaka miwili au kama kitabu cha gari kinavyosema.

Kazi nyingine hazina hadithi: filta ya hewa ya ndani, bushi, shokapu, beringi za magurudumu, maji ya kupozea inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota), oili ya giaboksi inayopunguza mizunguko ya mota. Plagi hamna, mkanda wa taimingi hamna, oili ya injini hamna. Matairi ya mbele yanaliwa haraka zaidi, kwa sababu gari ni zito na mota inatoa nguvu yake yote tangu sifuri. Ukiwa na mguu mzito jiandae.

Kisha kuna waya za rangi ya chungwa. Hizo ni umeme wa volti karibu 400, mkondo mnyoofu, ambao ukikushika hauachii. Kuna plagi ya usalama ya kutenganisha betri, na hata ukishaitoa unasubiri kapasita za inveta ziishiwe chaji, kwenye magari mengi dakika kumi au zaidi, halafu unapima kuhakikisha, ukiwa na glavu za mpira zilizoidhinishwa kwa volti 1,000, tena zilizokaguliwa kama zina tundu. Mimi vifaa hivyo ninavyo, na bado betri kubwa sijaifungua wala sina mpango. Mtu aliyejifunza kubadilisha gasketi ya silinda hedi kwa kujaribu na kukosea asidhani njia hiyo itamfaa hapa. Ukikosea gasketi unapoteza wikendi.

Kinachoniudhi ni upande wa programu, si umeme. Kwenye baadhi ya magari unabadilisha kifaa kizima kwa mikono yako, halafu gari linakataa kukitambua mpaka kompyuta ya mtengenezaji ikisajili. Hilo naliona ni wizi wa heshima. Kwa bahati gari langu ni la zamani kidogo na skana ndogo ya bluetooth inayochomekwa kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea hitilafu za gari, inanionyesha karibu kila kitu, pamoja na volti ya kila jozi ya seli, zote 96, kama nguzo zilizopangwa kwenye skrini.

Kuhusu hizo seli, niwape siri ambayo wauzaji hawaipendi. Betri ikijaa, nguzo zote zinalingana na gari linaonekana kijana. Angalia betri ikiwa imeshuka chini, na gari likiwa linapanda mlima au linakanyagwa. Seli dhaifu ndipo inapozama kuliko wenzake, na gari linasimama kwa kufuata seli iliyo mbovu kuliko zote, siyo wastani. Betri za magari kama langu hazina mfumo wa kupozwa kwa maji, hivyo gari lililoishi kwenye joto kali na kuchajiwa kwa kasi kila siku limechoka hata kama kilomita zake ni chache. Mimi nachaji mpaka asilimia 80 kwa matumizi ya kawaida na kujaza tu nikiwa na safari. Wenye betri za aina nyingine, za lithiamu na chuma-fosfeti, wanaelekezwa tofauti, mara nyingi wanaambiwa waijaze kabisa mara kwa mara ili kompyuta ijue ilipo, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako kabla ya kufuata langu.

Kuchaji nyumbani kulinigeuza fundi umeme nusu. Soketi ya volti 230 kwa ampia 10 inatoa kilowati 2.3, kwa hiyo betri tupu ni usiku mzima. Shida ni kwamba pasi inavuta umeme mwingi kwa dakika chache, gari linavuta saa kumi mfululizo. Soketi ya zamani niliyoanza nayo iliota rangi ya kahawia kuzunguka tundu moja, na nilipoifungua skrubu ya waya ilikuwa imelegea. Fundi umeme mwenye leseni akavuta laini ya peke yake kutoka kwenye kikasha cha fyuzi, yenye waya mnene na kikata umeme chake. Kama hufanyi jingine, shika plagi kwa mkono baada ya saa moja ya kuchaji. Ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, chomoa.

Hilo la gesi nalo sijalitupa. Gari langu la petroli lina mfumo wa gesi ya LPG, jamii ya gesi ya mitungi ya kupikia, tangi la mviringo limekaa mahali pa tairi la spea. Oili inakaa safi muda mrefu, injini inazunguka kwa ulaini, na gesi ina okteni kubwa kuliko petroli ya kawaida. Kwa lita inakula zaidi, kwa sababu lita ya gesi ina nishati pungufu. Lakini kumbuka gari linawaka kwa petroli na kuhamia gesi maji ya injini yakishapata joto. Safari zako zikiwa fupifupi, unafika kabla haijahama, na umefunga mtambo wote huo kwa ajili ya kuubeba tu. Gesi pia inaumbua plagi na koili zilizochoka: hitilafu iliyokuwa imejificha kwenye petroli inaanza kujionyesha. Plagi na filta nabadilisha mwenyewe, mabomba ya gesi namwachia aliyesomea.

Rafiki yangu mmoja ni mtu wa mafuta ya mimea. Ana hoja ya kihistoria, kwamba kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Gari lake ni dizeli ya zamani yenye pampu ya kimakanika, inavumilia. Alipoanza kutumia biodizeli, yaani dizeli inayotengenezwa kwa mafuta hayo, uchafu wa miaka yote kwenye tangi uling'oka ukaenda kujaa kwenye filta, akabadilisha filta mbili haraka haraka kabla ya gari kutulia. Mipira ya zamani nayo ikaanza kuvuja. Dizeli za kisasa zenye shinikizo la bar zaidi ya 1,600 kwenye nozeli usizijaribie mchezo huo.

Ethanoli, ile pombe inayochomwa kama mafuta ya gari, nimeigusa kidogo tu: inavuta maji, inakula mipira ya kabureta kongwe, na gari likikaa muda mrefu bila kuwashwa ndipo inapokuadhibu. Brazil wameishi nayo tangu mpango wao wa mwaka 1975, na magari yao yametengenezwa kwa ajili hiyo. Petroli ya kutengenezwa kwa umeme, kama ile inayojaribiwa kwenye kiwanda cha Haru Oni kule Chile, ni habari njema kwa mwenye gari la kale analolipenda. Kwa gari la kila siku inatumia umeme mara kadhaa zaidi kwa kilomita ileile, na hesabu hiyo sioni itakavyobadilika. Haidrojeni iliyobanwa kwa shinikizo la bar 700 sitaki kuiona karibu na banda langu la kutengenezea.

Kwa hiyo nani anunue? Mwenye mahali pa kuchaji anapolala, safari zinazojulikana, na skana mfukoni. Asiye na soketi yake mwenyewe abaki na petroli au afunge gesi, hata kama anaupenda umeme. Na ukienda kukagua gari, mwombe muuzaji asilichaji siku hiyo. Akikujibu kwamba lazima alijaze kwanza, mwambie utarudi jioni litakapokuwa limeshuka.