Yamaha Enduro 15 kwenye faiba iliyotumika: uzoefu wangu

Kwa faiba (boti ya fiberglasi) ya futi 18 ya mkono wa pili, inayobeba watu wanne, nyavu na sanduku la barafu, mashine ya boti ninayoipendekeza bila kusita ni Yamaha Enduro 15, ya hosipawa 15, stroki mbili (inayochanganyiwa oili kwenye petroli), shafti ndefu, yaani mguu mrefu wa kushusha propela majini. Ninaitumia Pangani, kutoka mtoni kuelekea kisiwa cha Maziwe na kurudi, msimu wa kusi na wa kaskazi.

Wengi huanza kwa kuuliza hosipawa. Mimi nilianza na futikamba. Kutoka ukingo wa juu wa tezi, ule ukuta wa nyuma ya boti mashine inapofungwa, hadi chini ya boti nilipata sentimita 51, yaani inchi 20. Hapo ni shafti ndefu tu. Muuzaji mmoja alinibembeleza nichukue fupi ya inchi 15 kwa bei nafuu, nikakataa. Shafti fupi kwenye tezi refu huiacha propela juujuu. Pale mlangoni mwa mto, maji yakiwa yanatoka na kusi inavuma kuja ndani, mawimbi husimama. Propela ikichomoka hapo, injini inalia tu na boti haina usukani.

Kabla ya kufunga chochote niligonga tezi kwa mpini wa nyundo. Kulia ililia kavu; kushoto ilitoa mlio wa bubu. Nikatoboa tundu dogo kwa drili, ukatoka unga mweusi uliolowa, unanuka uvundo. Ubao wa ndani umeoza na nje faiba inang'aa! Fundi aliikata sehemu yote, akaweka plaiwudi mpya na kuifunika kwa matabaka ya faiba na rezini. Ni gharama, lakini mashine iliyofungwa kwenye tezi bovu itazama na kipande cha tezi chenyewe.

Stroki nne niliipima pia. Haili mafuta sana, haina moshi, na kwa anayebeba watalii ningemwambia aichukue. Ila ina zaidi ya kilo 50, Enduro ni karibu 40, na mimi mashine naibeba begani kila jioni. Tena plagi, gasketi na fundi wa stroki mbili havinisumbui kuvipata.

Propela ndiyo iliyobadilisha boti. Kwa pichi ya 11 (pichi ni inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), tukiwa na mzigo, kifaa cha kuhesabu mizunguko kilisoma kama 4,300 kwa dakika, wakati mashine hii inatakiwa kufika kati ya 4,500 na 5,500 ukifungua gesi yote. Injini ilikuwa inabanwa. Nikaweka pichi ya 9, ikapanda hadi karibu 4,800, na boti ikaanza kuinuka na mzigo wake.

Oili: changanya nusu lita kwenye lita 25 za petroli, na mashine ikiwa mpya, lita nzima kwenye lita 25 hizo hizo kwa saa 10 za mwanzo. Tafuta iliyoandikwa TC-W3, alama ya oili ya mashine za boti za stroki mbili. Oili ya pikipiki waachie wenye pikipiki.

Malalamiko yangu ni moshi, kelele na ulaji wa mafuta. Safari ndefu utauhisi mfukoni. Impela nayo, ile feni ya mpira inayovuta maji ya kupoza injini, nunua yenye uhakika, maana niliwahi kuuziwa feki, ikakatika mabawa mapema. Kila ukiwasha, tazama maji yanayoruka pembeni ya mashine. Yakiwa membamba au ya moto kupita kiasi, zima papo hapo.