Goti zima au nusu goti: nani huridhika zaidi?

Goti likibadilishwa lote kwa upasuaji na kuwekwa la bandia, takriban mgonjwa 1 kati ya 5 husema hajaridhika, hata picha ya eksirei ikionyesha kazi safi. Mara nyingi tatizo ni matarajio. Maumivu ya kutembea yamepungua kweli, lakini kwenda sijda au kuchuchumaa chooni bado ni shughuli, na huenda hakuna aliyemwambia hivyo kabla ya kusaini fomu.

Nusu goti hubadilisha upande uliolika tu. Kano za katikati zinabaki. Wengi huhisi ni goti lao wenyewe, hupona haraka na hulikunja zaidi. Kasoro: wenye nusu goti hurudi chumba cha upasuaji mara nyingi zaidi. Na mwenye baridi yabisi (kinga ya mwili kushambulia viungo) halimfai.

Utafiti wa TOPKAT wa Uingereza, uliolinganisha goti zima na nusu goti kwa wagonjwa 528 na kuchapishwa 2019, ulikuta baada ya miaka 5 alama za maumivu na utendaji wa goti za makundi yote mawili zikikaribiana sana, nusu goti likiwa na gharama ndogo. Mimi ningesema anayefaa nusu aanze na nusu, ila kwa daktari anayeifanya kazi hiyo mara kwa mara.