Siku dada aliposema "zima": uzoefu wangu na The Walking Dead

Tahadhari kwanza: nitataja nani anakufa. Kama bado uko misimu ya mwanzo na hutaki kuharibiwa uhondo, usiendelee kusoma.

Nimerudia kuangalia The Walking Dead, tamthilia ya Marekani ya mazombi, yote, episodi 177, kuanzia ile ya Oktoba 2010 hadi ya mwisho ya Novemba 2022. Mpwa wangu ndiye sababu. Shuleni wenzake wanasimuliana habari za mazombi, naye kila akija ananiomba, "Mjomba, niwekee." Nikaona nisimkatalie kitu nisichokikumbuka vizuri. Ila kulikuwa na episodi moja niliyokuwa nimeapa sitaigusa tena: ya kwanza ya msimu wa 7, iliyoonyeshwa Marekani tarehe 23 Oktoba 2016.

Mara ya kwanza niliiangalia na dada yangu, nyumbani Tabata, siku chache baada ya kutoka. Nilikuwa nimeenda kuingiziwa kwenye flashi jioni hiyo. Dada alikuwa na mimba ya huyo huyo mpwa. Tulisubiri zaidi ya miezi sita, kwa sababu msimu wa 6 uliishia pabaya: watu 11 wamepigishwa magoti usiku msituni, Negan, kiongozi wa genge la maadui zao, anawapitia mmoja mmoja na gongo lake la besiboli lililozungushiwa seng'enge, anachagua wa kuua, analishusha. Kioo kinaingia damu, kinakuwa cheusi. Nani? Hawakusema. Ilikuwa Aprili 3.

Miezi yote ile tulibishana. Dada alishikilia kwamba Glenn, mmoja wa wale 11, hafi, maana mkewe, Maggie, ni mjamzito na waandishi wasingekuwa na roho mbaya kiasi hicho. Mimi nilikuwa najua kwamba kwenye kitabu cha katuni ambacho tamthilia imetokana nacho, toleo la 100 la mwaka 2012, Glenn ndiye anayeuawa. Sikumwambia.

Episodi inaanza mauaji yakiwa yameshafanyika, na hata hapo hawakuambii. Unamwona Rick, kiongozi wa wale 11, ana damu usoni, Negan anamburuta, anamtisha, anamtuma akachukue shoka katikati ya ukungu na mazombi. Ndipo wanakurudisha nyuma. Anapigwa Abraham, mmoja wao. Tukaumia, lakini dada akashusha pumzi: si Glenn. Mwenzao Daryl anashindwa kuvumilia, anainuka na kumpiga Negan ngumi. Negan anasema hilo lina adhabu yake, anageuka, na gongo linatua kichwani kwa Glenn.

Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba kamera haikuondoka. Jicho moja limetoka mahali pake, Glenn bado anajaribu kuongea, anamwambia mkewe kwamba atamtafuta mpaka ampate, na maneno hayatoki sawasawa. Dada aliweka mkono tumboni akasema, "Zima, mdogo wangu. Zima." Nilichelewa kuitafuta rimoti. Mpaka leo ucheleweshaji ule unaniuma.

Hatukuwa peke yetu. Marekani watu milioni 17 waliiangalia usiku ule. Wiki iliyofuata walibaki milioni 12 na ushee, na idadi iliendelea kupungua msimu ule. Parents Television Council, shirika la wazazi la huko, lililaani hadharani. Januari 2017 mmoja wa watayarishaji, Gale Anne Hurd, alisema walipunguza ukali kwenye episodi zilizokuwa bado zinapigwa, baada ya kuona jinsi watazamaji walivyoipokea.

Wapo waliosema sisi tuliolalamika ni wepesi: miaka sita tumeangalia vichwa vinapasuliwa, leo ndiyo tunaona damu? Nimelifikiria sana hilo niliporudia, na jibu langu ni kwamba hatukulalamikia damu. Chukua episodi ya msimu wa 6 ambapo kina Rick wanavamia kituo cha watu wa Negan usiku. Glenn, ambaye hadi hapo hajawahi kuua binadamu mzima, anasimama juu ya mtu aliyelala. Mkono unatetemeka, machozi yanamtoka, anazamisha kisu. Chumba cha pili ni zamu ya mwenzake, Heath, na Glenn anamzuia, anaifanya yeye, ili mwenzake asibebe mzigo ule. Hapo napo mnauawa watu waliolala, kinyama kabisa. Lakini nilijifunza kitu kuhusu Glenn ambacho nisingekijua kwa njia nyingine. Ukutani kuna picha za vichwa vilivyopondwa. Anaziangalia. Kwenye kurudia, pale ndipo nilipolazimika kusimamisha na kutoka nje.

Kifo chake, kwa upande mwingine, walikifanya chambo. Kumbuka walikuwa wameshatuchezea naye. Oktoba 2015 walionyesha kama ameliwa na mazombi, wakaondoa hadi jina la Steven Yeun, anayemwigiza, kwenye orodha ya waigizaji ya mwanzo, halafu karibu mwezi mzima baadaye akatokea mzima, alijificha chini ya kontena la takataka. Tulimlilia bure. Kisha miezi sita ya kuulizana nani kafa, kisha hata ndani ya episodi yenyewe Rick anawawazia wote mmoja mmoja wakipigwa. Sisi huku tumezoea kwamba stelingi hafi, na akifa tunakubali, mradi kifo chake kiheshimiwe. Hiki kiligeuzwa bahati nasibu. Hapo ndipo ninapowalaumu.

Na nitasema haki yao. Katika episodi hiyo hiyo, Negan anamwamuru Rick amkate mwanawe, Carl, mkono kwa shoka. Anamchorea mstari kwa kalamu. Rick analia, anaomba akatwe yeye, na Carl, mtoto, anamwambia baba yake afanye tu. Rick anainua shoka, Negan anamzuia dakika ya mwisho. Hakuna tone la damu pale, na ndicho kipande kikali kuliko vyote nilivyowahi kuona kwenye tamthilia. Andrew Lincoln, anayemwigiza Rick, aliigiza mpaka nikasahau ni mwigizaji. Halafu kuna ile meza ndefu ya chakula ambayo Rick anaiwaza, wote wamekaa, wazima, Glenn amempakata mtoto wake. Sekunde chache tu. Waliokuwa na uwezo wa kutuumiza hivyo hawakuhitaji lile jicho.

Kwa hiyo kama unaanza leo: misimu mitano ya kwanza angalia bila wasiwasi, kama wewe ni mtu mzima na una moyo. Ukifika mwisho wa 6, unganisha na ya kwanza ya 7 siku hiyo hiyo, usilale katikati; lile la miezi sita wewe limekupita. Usiangalie na mjamzito, na watoto wawe wamelala. Mimi naipa tamthilia nzima nyota 4 kati ya 5, na iliyokosekana ni ya usiku ule.

Dada hakurudi tena kuiangalia. Mpwa nimemwambia asubiri awe mkubwa. Akaniuliza Glenn ni nani, maana amewahi kumsikia mama yake akimtaja. Nikamwambia alikuwa kijana wa kupeleka pizza, Atlanta, aliyemwokoa mtu asiyemjua aliyekwama ndani ya kifaru cha kijeshi.