Thunderbird kwenye kompyuta ya ofisi, Kigoma: uzoefu wangu

Wakuu, nafanya kazi za uwakala wa forodha hapa Kigoma mjini, na barua pepe zote za ofisi nazisoma kwa Thunderbird, programu ya barua pepe inayokaa ndani ya kompyuta. Kila mara naulizwa kwa nini nisifungue tu Gmail kwenye kivinjari kama wengine. Sababu ni mtandao. Ukikatika mchana huku boti ya Kalemie inapakia saruji, nyaraka za mzigo ziko tayari ndani ya kompyuta. Nafungua, naprinti, kazi inaendelea. Ni ya bure, akaunti zangu zote zinakaa sehemu moja, na barua ya mwaka juzi naipata bila kula bando. Hapo sina la kulalamika.

Kwenye usalama ndipo nina maneno. Zile barua zinazokaa ndani ya mashine ziko kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida kabisa. Ukimpelekea fundi wa kule Mwanga laptop akubadilishie kioo, akitaka anayafungua kwa Notepad na kusoma, Thunderbird yenyewe hata hajaigusa. Nywila ulizosevu ndiyo usiseme: kama hujaweka nywila kuu, mtu anaingia kwenye mipangilio, anabonyeza mara mbili tatu, zinajianika zote. Iwekeni. Ila mjue inalinda nywila peke yake, barua haizigusi. Anayetaka kulinda barua afunge diski nzima kwa siri, isisomeke bila ufunguo. Kwenye Windows Pro, BitLocker, programu ya kufanya kazi hiyo, imo humo humo.

Halafu kuna mambo ya kutoka nje. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani na Ubelgiji walitangaza kasoro waliyoiita EFAIL, na Thunderbird ilikuwa miongoni mwa programu zilizoguswa. Mtu aliyenasa barua yako iliyofungwa kwa PGP au S/MIME (njia za kuifunga barua kwa siri, aisome mwenye ufunguo tu) aliweza kuizungushia msimbo wa HTML, ule wa kurasa za wavuti, wa kuita picha, kisha akakutumia upya. Programu yako inaifungua barua kwa ufunguo wako, inakwenda kuomba ile picha, na ndani ya ombi hilo maandishi yaliyokuwa siri yanasafiri hadi kwenye seva ya mwizi. Ujanja wa hali ya juu, lazima nikiri. Kasoro ilizibwa, lakini tangu niisome habari hiyo nimeweka barua zionekane kama maandishi matupu. Hazipendezi, matangazo yanakuja yamevurugika, na sijali. Picha za mbali Thunderbird huzizuia yenyewe hadi uziruhusu. Msiwe wepesi wa kuruhusu.

Wapo wanaosema dawa ni kununua Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft. Haya. Machi 2023 Microsoft waliziba tundu la Outlook ya Windows, namba yake CVE-2023-23397, ambalo halikuhitaji hata ufungue barua. Ukumbusho wa miadi ulikuja na njia ya faili la mlio inayoelekea kwenye seva ya mshambuliaji. Outlook ikienda kuutafuta mlio, inakabidhi alama ya utambulisho wako wa Windows. Na lilikuwa limeshatumiwa na wadukuzi kabla ya kuzibwa. Kwa hiyo kulipia pesa si kinga. Kinga ni kusasisha, na hapo Thunderbird inafanya vizuri: inajisasisha yenyewe, mradi bando lipo.

Hatari tunayokutana nayo zaidi huku bandarini haihitaji tundu lolote. Kwenye orodha ya barua linaonekana jina tu la mtumaji, na jina kila mtu anaweza kujiandikia. Iliingia barua yenye jina la wakala wetu wa Bujumbura, eti benki imebadilika, tulipe akaunti mpya. Kuifungua na kusoma anwani kamili, herufi moja imezidi. Nikampigia mwenyewe, akacheka kwanza kisha akanyamaza. Wateja wake wengine walikuwa wameshapokea barua kama hiyo. Orodha ile ingeonyesha anwani tangu mwanzo, ningeongeza nyota.

Naipa nne kati ya tano. Ila wenye Windows 7, na ofisi za hapa bado zinazo, toleo la mwisho la Thunderbird kwenu ni 115. Kwa kuwa kinga ni kusasisha, kompyuta ya stoo tuliyokuwa nayo ya namna hiyo nimeiondolea barua pepe, sasa inaprinti tu.