Seti ya Kuzibulia Matundu ya Gari la Turubai: Weka Brashi Kando, Shika Bomba

Haya, karibuni tena kwenye chaneli yetu, tuko Malindi upande wa Casuarina, na leo sizunguki hata kidogo. Dada, sogeza kamera hapa kwenye zulia. Nalikamua hivi, kwa mkono mmoja. Mmeona? Maji! Gari hili halijavuka mto, halijaingia Sabaki, limelala tu nje ya nyumba usiku mmoja wa mvua ya masika. Na paa lilikuwa limefungwa vizuri kabisa.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5, kale kadogo ka viti viwili kenye paa la turubai linalokunjika, ya kizazi cha pili, hizi zilizoanza 1998 zikaendelea mpaka 2005. Mambo ya injini na mwendo mnayajua, nayaruka. Mwenye gari ni mzee wetu wa hapa hapa, nilipomwamkia akanipa ufunguo akasema, "Mwanangu, nitafutie turubai jipya, hili limetoboka." Nikamwambia, "Mzee wangu, turubai lako zima. Kilichoziba ni njia ya maji." Hakuniamini. Basi video hii ni yake, na ni ya kila mtu anayetaka kumwaga pesa kwenye paa jipya wakati ugonjwa uko kwingine.

Sikilizeni, maana wengi hawaambiwi hili wanaponunua. Turubai la gari halikuumbwa kuyafukuza maji tu, linayapeleka mahali. Maji yanateremka mpaka nyuma ya viti, pale kuna mfereji wa plastiki unaoyakinga. Kwenye pembe za mfereji, kulia na kushoto, karibu na nguzo ya mkanda wa usalama, kuna matundu. Kila tundu lina mrija unaoshuka ndani ya bodi na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Mrija ukiziba, mfereji unajaa, na maji yanarudi ndani. Zulia linaloa, sponji iliyo chini yake inashika maji, mashine ya mkanda inapata kutu, na bodi ile ya chini ya mlango inaliwa kutoka ndani. Siku utakayoiona hiyo kutu kwa nje, tayari unaongea na fundi wa kuchomelea.

Na si Mazda peke yake. Wenye Porsche Boxster za kizazi cha kwanza, nazo za turubai, wanalijua hili kwa uchungu, kwa sababu kontroli ya alamu, kile kisanduku cha umeme kinachoruhusu gari kuwaka, imewekwa chini ya kiti. Matundu ya paa yakiziba, maji yanaikuta pale sakafuni, gari linagoma kuwaka. Gari zuri namna ile, linauawa na majani!

Majani gani? Haya hapa. Mvinje. Pwani yetu yote hii imejaa mivinje, na kila mtu anaegesha chini yake kwa ajili ya kivuli. Nileteeni kamera karibu kabisa. Huu uzi mnaouona una vifundo vifundo, ukiuvuta unakatikia kwenye kifundo, tik, tik, tik, unabaki na vijiti vidogo vidogo. Kipande kimoja hakizibi kitu. Lakini vikishuka vingi vikapangana, halafu kusi likaleta mchanga na vumbi juu yake, hapo mrija umefungwa kizibo. Majani ya mwarobaini angalau ni mapana, yanabaki juu ya mfereji, unayaokota kwa vidole. Mvinje unaingia mpaka ndani.

Sasa bidhaa. Seti yenyewe ndiyo hii, haina hata jina la kampuni, inauzwa mtandaoni kama ya kuzibulia mirija ya friji na ya paa la gari. Mimi imenifikia kwa shilingi 950, na kuisafirisha mpaka Malindi ni juu yangu. Ndani kuna waya mrefu wenye brashi kwenye ncha, kama mita moja na nusu, kuna brashi nyingine fupi, kuna kimrija cha plastiki, na kuna bomba la sindano lisilo na sindano. Matangazo yote yanaonyesha brashi. Brashi, brashi, brashi! Bomba limetupwa pembeni ya picha.

Na hiyo brashi inaniudhi, jamani. Itazameni ncha yake. Waya umesokotwa, ukakatwa, ukaachwa wazi, hawakuweka hata tone la plastiki. Hapa nina kipande cha tyubu ya baiskeli. Naiingiza brashi, naisukuma na kuizungusha kama wanavyofundisha. Moja, mbili... sasa nainua kipande hiki kwenye jua. Mnaona mwanga unavyopita? Limetoboka! Huko ndani ya bodi mrija ni wa mpira. Ukiutoboa katikati, maji yatamwagika mahali ambapo mkono wako haufiki, na hutajua mpaka zulia linuke tena. Gari zingine zina ulimi wa mpira kule mwisho wa mrija, na huo nao brashi hii inaupasua.

Kuna jambo la pili, na kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko ncha. Brashi inasukuma. Uchafu ulioko juu unaupeleka chini, unaushindilia. Upande wa kulia hapa nimejaribu kwa makusudi mbele yenu, mmeniona: waya umeingia, umegota, nimesukuma, umegota zaidi. Nimemimina maji, yamesimama palepale. Basi siendelei nao.

Tuje upande wa kushoto, na hapa usiruke hata sekunde. Paa nimelifungua nusu ili mfereji uonekane, na tochi ninayo. Nalichomeka bomba kwenye kimrija cha plastiki, napaka sabuni kidogo ya vyombo ili kiteleze. Nakiingiza taratibu. Nasikia kimegusa kitu laini. Nasimama hapo hapo! Naweka maji kidogo sana, ya kulainisha tu. Nasubiri. Ngojeni, msinihimize, hapa ndipo watu wanapoharibu kazi. Tope lililokauka tangu kiangazi halilainiki kwa sekunde mbili.

Sasa navuta. Tazameni bomba linavyokuwa zito mkononi... tazameni kimrija, kilikuwa cheupe, sasa kinabadilika... hilo linapanda! Namwaga kwenye kikopo cheupe muone. Dada, njoo karibu zaidi. Vijiti vya mvinje hivi, chembe za mchanga hizi, na hili jeusi linalonata ni vumbi lililokaa na maji muda mrefu. Hii yote ilikuwa ndani ya mrija usiotosha hata kidole. Narudia: maji kidogo, subiri, vuta. Maji kidogo, subiri, vuta. Kila nikivuta, kimrija kinashuka zaidi, maana njia inafunguka kutoka juu.

Haya, mtihani. Nina chupa ya nusu lita. Wewe dada peleka kamera chini, mbele ya tairi la nyuma. Mimi namimina polepole kwenye mfereji. Unaona kitu? Tone. Tone jingine. Sasa uzi mwembamba, rangi ya chai ya rangi... na sasa maji meupe! Yanatoka kwa kasi ile ile ninayomimina. Hapo ndipo unaposema mrija umezibuka. Ukimimina yakatoka kwa kulialia, kazi haijaisha, rudi kuvuta.

Nawajua, mtaniambia, "Bwana wee, si uende kwa fundi wa pancha akupigie upepo wa kompresa, dakika moja?" Nakuomba usifanye hivyo. Mrija umeshikana kwa kuchomekwa tu, ule upepo mkali unaweza kuuchomoa kwenye kiungio, na kuurudisha ni kufungua viti na zulia lote. Waya wa klachi ya bodaboda nao ni yale yale ya brashi, ncha kali. Kamba ya nailoni ya mashine ya kukatia nyasi hiyo nakubali, ni laini, inapinda vizuri, ichome ncha kwa kiberiti iwe duara. Naitumia kupima kama njia iko wazi baada ya kuvuta. Petroli na dawa za kuzibulia sinki msithubutu, zinakula mpira.

Nilipoanza nilitaka kuwaambia seti hii nunueni, shilingi 950 si nyingi. Lakini kadiri ninavyoishika, hapana. Nenda agrovet yoyote hapa mjini, ulizia bomba kubwa la sindano la ng'ombe, bei yake ni ndogo. Halafu duka la vifaa vya ujenzi, kata kipande cha mrija mwembamba wa plastiki unaoona ndani, jaribu kwanza unaingia kwenye tundu la gari lako. Umemaliza, na una kitu imara kuliko hiki. Seti nitaipa alama moja tu, ya bomba.

Na zulia msilifunge likiwa bichi. Linyanyue, toa sponji juani mpaka ikauke kabisa, kwa joto na unyevu huu wa pwani ukiifungia ndani itaota ukungu.

Habari za chaneli: maikrofoni mpya imefika, ndiyo maana leo upepo hauwasumbui. Ndugu zetu wa Lamu mnaosema sisi hatuwafikirii, kisiwani magari ni ya kuhesabu, lakini mnaoegesha ng'ambo bara, pale Mokowe, video hii inawahusu. Walioomba tuktuk, kabureta inayochemka na kuzima kwenye mwinuko, tunairekodi wiki hii. Sasa naenda kuuvuta upande wa kulia, mzee amesimama pale anataka kuuona kwa macho yake. Mzee wangu, njoo ushike hii chupa, wewe ndiye unayemimina.