Tiketi ya London, bando la Mtwara: uzoefu wangu wa kuangalia komedi ya muziki laivu

Kuna watu kwenye vikundi vya sanaa vya huku wamekuwa wakiniuliza kuhusu hii huduma ya kukata tiketi mtandaoni uangalie laivu maonyesho ya kumbi ndogo za London ukiwa nyumbani, inalipa au ni kutupa hela, sasa nimeona niandike mara moja yaishe. Jibu fupi, inalipa, hasa kama wewe ni mtu wa jukwaa na kikundi chenu hakina hela, ila uwe na bando la kutosha na usiifungulie sebuleni mbele ya mama mkwe.

Mi ni mtu wa vichekesho vya kuimba. Tunapiga maigizo ya kampeni za afya, mahafali, harusi, hapa Mtwara mjini na mara moja moja tunaitwa Lindi au Newala, ukumbi wetu ni popote penye kivuli na soketi. Kwa hiyo sikuitafuta hii kwa sababu ya Uingereza, nilikuwa natafuta watu wanaofanya muziki na komedi wakiwa wachache na kinanda kimoja nione wanafanyaje, nikaangukia onyesho la waigizaji watano, komedi ya muziki kuhusu wanaume wawili wanaopendana kwenye kamji kadogo ka wavuvi. Umesoma vizuri. Na mi nilikaa nalo kidogo kabla ya kubonyeza kulipa, afu nikasema nimekuja kuangalia kazi za watu, acha nione kazi.

Malipo hayakunisumbua. Tiketi pauni 12, ikanikata kama elfu arobaini na kitu, nikalipa kwa ile kadi ya mtandaoni unayotengeneza kwenye simu kutoka kwenye pesa za simu, ikakubali hapo hapo, linki ikaja kwenye imeili. Angalieni saa tu. Kwao inaanza saa moja na nusu jioni, wakiwa kwenye baridi huku ni saa nne na nusu usiku, wakiwa kwenye joto wanasogeza saa zao inakuwa saa tatu na nusu. Mi yangu iliangukia msimu wa korosho, hela ipo mjini, kila baa inapiga muziki, bila hedifoni nisingesikia kitu. Kuhusu bando, ukiacha picha kwenye HD inakula kama GB 3 kwa saa, ukishusha mpaka 480 inakuwa chini ya GB 1 na sura za watu bado unaziona, kwa hiyo shusheni mapema msingoje mpaka ianze kukwama kwama.

Ukumbi wenyewe uko juu ya baa. Sio utani, chini watu wanakunywa bia, juu watu kama sitini wamekaa karibu na jukwaa kiasi kwamba mwigizaji akinyoosha mguu anampiga mtu goti. London hiyo ni kawaida yao ya miaka mingi, King's Head ya Islington ilianza nyuma ya baa mwaka 1970, na New York kabla ya hapo kulikuwa na mgahawa wa kahawa unaitwa Caffe Cino, ulifunguliwa 1958, watu wanakunywa kahawa na michezo inachezwa katikati ya meza, na pale ndipo michezo mingi ya watu wa mapenzi ya jinsia moja ilipopata pa kuchezwa wakati kumbi kubwa haziwezi kuigusa. Naitaja hiyo kwa sababu kuna mtu kwenye kikundi chetu kila siku anasema tusubiri tupate ukumbi. Wenzetu hawakusubiri ukumbi.

Haya, onyesho. Hadithi nyepesi tu. Kwaya ya mtaani inataka kwenda kwenye mashindano na haina sauti ya tatu, anakuja kijana mgeni anaimba sauti ya tatu, anapokelewa kwa mikono miwili, afu jamaa muuza samaki wa pale pale anampenda na mgeni naye anampenda. Hapo mi nikajiandaa kwa yale yale, baba anafukuza mtoto, mama analia, mtu anatembea peke yake kwenye mvua. Hamna. Mji mzima unakuja juu kweli lakini kosa la mgeni ni kwamba katoka mji wa pili, wale mahasimu wao wa kwaya. Kwamba muuza samaki anapenda wanaume hilo walishalijua zamani, wamelizoea, wanachouliza wao ni kwa nini akachukue wa kule wakati hapa wapo. Mtu wa Lindi aliyeolewa Mtwara huu utani anaupata bila hata maandishi ya chini.

Na neno ni hilo hilo, utani. Huku kwetu mtu asiyekuhusu hakutanii. Mtani anaingia mpaka msibani, anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anadai hela kabla kaburi halijafukiwa na hakuna wa kumkasirikia, na mgeni asiye na mtani pale anajulikana kabisa kuwa ni mgeni. Ukitaniwa ujue umo ndani. Hilo onyesho lote limejengwa juu ya kitu hicho, yule kijana mwanzoni watu wanamuongelesha kwa adabu kubwa, karibu mgeni, kaa mgeni, chai mgeni, na adabu hiyo ndiyo inayomuumiza maana anajua bado yuko nje, na siku mama wa muuza samaki anapomtukana kwa mara ya kwanza, anamwambia sauti yako kama mlango wa stoo, ukumbi mzima ulipiga kelele za furaha na mi peke yangu chumbani, mtaani kwetu Chuno, nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa chukua vichekesho vyetu. Tangu niko shule ya msingi naona kitu kile kile, mwanaume kajifunga kanga, kaibana sauti, anakata kiuno, watu wanaanguka. Hana jina. Hana kwao, hana anayempenda, hana anachokitaka kwenye hadithi, anaingia anachekwa anapigwa na fagio anatoka. Ukiacha utu pembeni, hata kiufundi tu huo ni uvivu, maana una kicheko kimoja na ukishakitumia dakika ya pili huna pa kwenda, ndo maana maigizo yetu mengi yanakufa katikati na tunaokoa kwa kuweka muziki. Na usiniambie ni jadi. Wamakonde kwenye mapiko, ile ngoma yao ya barakoa, mwanaume anavaa barakoa ya mwanamke na umbo la kuchonga la matiti na tumbo la mjamzito, anacheza kwa ufundi mpaka unasahau nani yuko chini yake, na wazee wamekaa pale wanaangalia kazi, hawaangalii cha kuzomea. Mapiko sio habari ya mapenzi, nalisema mapema kabla sijarukiwa, nasema tu kwamba mwili wa mwanaume kuigiza mwanamke huku kusini sio lazima kuwe kichekesho cha bure. Na kila kikundi nilichopita kuna mmoja ambaye watu wanajua na hawasemi, mara nyingi ndiye anayeimba vizuri kuliko wote, akishuka jukwaani ndiye wa kwanza kusemwa, na huko sio kutaniwa.

Vitu viwili vya jukwaani nataka muvione kama nilivyoviona.

Cha kwanza, dada mmoja anacheza mama wa muuza samaki na pia anacheza kiongozi wa kwaya, tofauti ni skafu tu, skafu ikiwa kichwani ni mama, ikiwa shingoni ni kiongozi. Imefika sehemu hao wawili wanagombana kwa kuimba. Peke yake. Anaimba mstari skafu kichwani, anajibu skafu shingoni, kinanda kinaongeza spidi, kichwani shingoni kichwani shingoni, mpaka skafu ikamziba macho akabaki amesimama hajui yeye nani, na mpiga kinanda akaacha kupiga, akakunja mikono akamwangalia. Kimya. Watu wanacheka, yeye anafikiria. Afu akaivaa skafu kiunoni akasema kitu cha mtu wa tatu ambaye hatukuwahi kumwona. Gharama ya hiyo sini ni skafu moja. Sisi tungekodi magauni mawili na bado isingechekesha.

Cha pili ni meza. Meza moja ya mbao ndiyo kila kitu, ni genge la samaki, ni kitanda, ni basi, hata jahazi iliwahi kuwa. Karibu na mwisho inakuwa meza ya chakula nyumbani kwa wazazi, viti vinne, watu watano. Yule mgeni amesimama na sahani mkononi. Baba mtu, mzee ambaye onyesho zima hajasema neno la maana, anaimba wimbo kuhusu bei ya samaki ilivyoshuka, mwanzo mwisho bei ya samaki, katikati ya ubeti anasimama, anasogeza kiti chake kwa mguu kuelekea kwa kijana bila kumwangalia, anavuta kreti la samaki anakalia, anaendelea na bei ya samaki. Hakuna wimbo wa nakupokea mwanangu. Ingekuwa imeandikwa kusini huku hicho kiti angekisogeza mjomba, maana kwetu mwenye neno kwenye ukoo ni mjomba na baba angebaki anakula, na nadhani ingekuwa kali zaidi.

Nimwambie mapema atakayeuliza mbona usiipige hapa. Haipigiki. Mapenzi yenyewe ni kosa la jinai, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinafika mpaka kifungo cha maisha, na michezo ya jukwaani ina sheria yake tangu 1976, ina vibali vyake na bodi. Simshauri mtu ajaribu. Lakini msije mkadhani wenzetu walizaliwa hivyo walivyo. Uingereza mpaka mwaka 1968 kila mswada wa mchezo ulipelekwa kwanza ofisini kwa Lord Chamberlain, mtu wa ikulu ya malkia, anakata mistari anayotaka, na habari za wanaume kupendana zilikuwa kwenye vitu vya kukatwa kwa muda mrefu sana, wenyewe kupendana kwao kuliacha kuwa jinai England na Wales mwaka 1967 tu, tena kwa watu wazima na faraghani. Jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 1927 ya kuzuia mambo hayo jukwaani na ikakaa kwenye vitabu mpaka 1967. Watu waliofanya kazi kipindi hicho walijifunza kusema kitu kwa kiti na kreti la samaki kwa sababu mdomo ulikuwa hauruhusiwi, na ufundi huo ndo nilioulipia elfu arobaini yangu. Nyimbo za bei ya samaki kwenye kikundi chetu zitapatikana.

Kasoro sasa. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza tu na kwenye nyimbo za haraka yanachelewa, mtu wa skafu ameshabadilika mara tatu maandishi bado yako kwa mama wa kwanza, kama Kiingereza chako cha kuokoteza utapoteza nusu ya vicheko. Sauti ya kinanda ilikuwa juu ya waimbaji dakika za mwanzo, baadaye wakarekebisha, inaonekana mtu wa mitambo aliamka. Kamera ziko mbili, ya mbele na ya pembeni, na ile ya pembeni ilipenda sana kichogo cha mtazamaji mmoja mwenye upara. Umeme ulikatika huku kwetu sehemu ya pili imeanza tu, laptopu ikabaki na betri ila kisanduku cha intaneti kikazima, nikahamia kwenye simu na linki ikagoma, inasema tiketi imeshafunguliwa kwenye kifaa kingine. Hilo lilinikera. Niliwaandikia usiku ule ule, asubuhi wakajibu kwa upole wakanipa linki ya marudio ya saa 48, kwa hiyo meza na kreti niliviona siku ya pili, na kusema kweli kurudia kulinisaidia, nilikuwa nasimamisha naandika nani anasogeza nini na anakiweka wapi, kazi ambayo ukiwa ukumbini huwezi.

Mwenzangu anayepiga kinanda kwenye kikundi alikuja kuangalia marudio na mimi. Alikaa kimya nusu saa, mi nikajua leo kuna mahubiri. Akauliza, "Kaka, huyu mpiga kinanda analipwa kama mpigaji au kama mwigizaji?" Tangu siku hiyo na yeye anataka sini ya kukunja mikono.

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeizuia kwa ajili ya maandishi ya chini na hilo jambo la kifaa kimoja, wakilirekebisha ntakuja kubadilisha hapa. Mnaotaka kukata tiketi, chagueni maonyesho ya Jumamosi mchana wakiwa nayo, kwao saa nane na nusu kwetu ni saa kumi na moja na nusu jioni wakati wa baridi, mtandao unakuwa mwepesi kidogo na baa hazijafungulia spika.