Kompyuta ya mezani ya kujifunzia programu: ipi ununue ukiwa Mbeya

Anayeanza kujifunza kuandika programu, na hajawahi kumiliki kompyuta ya mezani, hahitaji mashine ya bei kubwa. Lugha ya Python huendeshwa bila taabu na kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika miaka kadhaa. Kinachomchosha mwanafunzi ni diski ya zamani inayozunguka na RAM ndogo, yaani kumbukumbu ya muda ya programu zinazoendeshwa. Kwa hiyo fedha yako iende kwanza kwenye SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, na RAM ya GB 8.

Ninayoiweka ya kwanza ni Dell OptiPlex 3060, pamoja na za rika lake, HP EliteDesk 800 G4 na Lenovo ThinkCentre M720. Prosesa zake, yaani chipu kuu za kompyuta, za Intel za kizazi cha nane hukubaliwa na Windows 11, jambo lenye uzito kwa kuwa huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Usilipe kabla mashine haijawashwa mbele yako: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance, kisha usome jina la prosesa. i5-8500 ni ya kizazi cha nane, ilhali i5-4590 ni ya kizazi cha nne, na muuzaji anayekuambia tu kwamba "ni i5" bado hajakuambia lolote la kukusaidia.

Ya pili ni OptiPlex 9020, ambayo ni ya kizazi hicho cha nne. Iwekee SSD na Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ambayo huja na Python tayari, nawe utajifunza vizuri kabisa. Ikiwa fedha ni chache, ningeichagua bila kusita. Faili la kusakinisha Mint hukaribia GB 3, hivyo ni afadhali kuliomba kwenye flashi kuliko kumaliza bando.

Raspberry Pi 400 ya mwaka 2020, ambayo ni kompyuta nzima ndani ya kibodi, naiweka ya tatu. Hutumia umeme kidogo sana, lakini RAM yake ya GB 4 haiongezeki.

iMac kuukuu iache. Katika zile nyembamba zilizoanza mwishoni mwa 2012, kubadilisha diski kunalazimu kubandua kioo kilichogundishwa.

Uichague yoyote, tenga fedha ya UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda mfupi, kwa maana kompyuta ya mezani haina betri, na umeme ukikatika kazi ambayo hujaihifadhi hupotea. Kagua pia matundu ya monita: monita nyingi za zamani hutumia VGA, na mashine za kizazi cha nane mara nyingi hutoa picha kwa DisplayPort, hivyo adapta inunuliwe siku hiyohiyo. Mashine isiyo na Wi-Fi isikutie hofu. Simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB huipatia intaneti, baada ya kuruhusu ushiriki huo (USB tethering) kwenye mipangilio ya simu.